Ramani ya Manga

Jumanne, 2 Desemba. Kiogoro.

Nimeosha sufuria za asubuhi. Nimemenya ndizi za mchana. Utomvu umeingia kwenye kucha, sabuni haiutoi. Wiki ya tatu sasa tangu nimalize Kidato cha Nne na kazi yangu ni hii. Kumenya, kuosha, kungoja matokeo.

Baba ametangaza safari. Borabu kwa shangazi, kisha kilima cha Manga, kisha Tabaka kwenye mawe ya kuchonga. Amewafundisha watoto wa shule ya msingi habari za Gusii miaka ishirini, na Tabaka hajawahi kufika. Anasema ni zawadi yangu. Mama amecheka, anasema ni zawadi yake mwenyewe.

Sitaki kwenda. Sababu naiandika hapa kwa kuwa sina pengine pa kuiweka.

Karatasi ya kwanza ya jiografia. Kila mtu hupewa maswali pamoja na ramani. Mimi nilipata maswali tu. Msimamizi aligawa ramani, akaruka meza yangu, akaendelea na safu. Nilijiambia akipita nitainua mkono. Alipita. Sikuinua. Alipita tena. Sikuinua. Chumba kilikuwa kimya mno. Nilijibu maswali ya ramani kwa kubahatisha, halafu hata yale niliyoyajua yakanipotea.

Nilipofika nyumbani Baba aliuliza jambo moja tu. Ramani ilikuwa ya wapi? Nikasema Manga. Ndilo jina lililonijia kwanza.

Aliinuka kitini. "Mama Kerubo, njoo usikie! Wameletewa Manga! Manga yetu hii!"

Ndiyo maana tunasafiri. Twende tukaangalie majibu yangu yalivyo ardhini.

Alhamisi, 4 Desemba. Borabu.

Tumefika jana jioni. Sikujua kuna mahali hapa kwetu penye nafasi kiasi hiki. Kiogoro mashamba ni membamba, jirani akisonga ugali unasikia mwiko. Hapa kuna malisho, ua wa miti, ng'ombe wanene wanaokutazama bila haraka. Majani chai yamekatwa sawasawa hadi kwenye mteremko. Baridi. Nimevaa sweta ya shule, nembo nimeigeuza ndani.

Baba anasimama kila baada ya hatua kumi na kuandika kwenye daftari. Kimo cha ardhi. Udongo. Mvua. Ana furaha sana. Siwezi kumtazama.

Shangazi ameniambia nimekonda. "Vitabu vimekula huyu mtoto."

Ijumaa, 5 Desemba.

Tumepika kila kitu kabla jua halijatua, Sabato isitukute jikoni.

Nikichambua mboga za managu Baba aliniuliza walitaka nini kwenye ramani. Ilibidi nitunge. Nikasema waliuliza mto unaelekea upande gani. Ulijibu nini? Mashariki, nikasema.

Aliandika kwenye daftari. Kisha akasema, "Tutaona."

Mito yetu yote inateremka magharibi, ziwani. Najua hivyo tangu darasa la nne. Yeye ndiye aliyenifundisha. Mdomo wangu una wazimu.

Jumamosi, 6 Desemba. Jua limeshatua.

Siku mbaya kuliko ile ya mtihani.

Kanisani mzee wa kanisa aliwaomba wageni wasimame watoe salamu. Nilikuwa nimejificha nyuma ya shangazi. Baba alisimama, akanivuta mkono. Akasalimu, akataja jina lake, akaleta salamu za Kiogoro. Nilidhani amemaliza. Akasema huyu ni binti yangu Kerubo, ametoka kufanya mtihani wa taifa, na Mungu si Athumani, wametahiniwa kwa ramani ya Manga. Kilima chetu wenyewe! Jiografia ataipita vizuri.

Kanisa zima likaitikia amina. Mama mmoja mbele alipiga kigelegele, akakatiza katikati alipokumbuka yuko ibadani. Watu wakacheka. Mzee wa kanisa akaniuliza, "Ni kweli, binti?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndani ya kanisa. Siku ya Sabato.

Mchana kutwa hapakuwa na kazi ya kufanya. Hata kuosha kikombe. Nilikaa na uongo wangu.

Jumapili, 7 Desemba. Manga.

Nimesema.

Tulipanda kwa miguu kutoka barabarani. Juu kuna upepo na miamba, halafu ardhi inakatika ghafla na unaona nchi yote chini, mabati yanametameta mpaka macho yanachoka. Baba alitoa ramani ya shuleni kwake, ile iliyochakaa kwenye mikunjo, akaitandaza juu ya jiwe na kuweka kiatu chake kila upande isiruke. Akabaki na soksi. Akanipa penseli nimwonyeshe mto niliojibu.

Nikaweka ncha mahali popote.

Akatazama ramani, akatazama bonde, akatazama ramani. Mto ulikuwa unakwenda magharibi. Hata mtoto angeona. Akaigeuza ramani. Akaigeuza tena. Akasema labda waliichora kwa kutazama kutoka ng'ambo. Akasema ramani hizi ni za zamani, waliozichora hawakuwa watu wa hapa, pengine mahali hapa walikosea.

Alikuwa tayari kuikosoa ramani ya serikali kabla ya kunikosoa mimi.

Hapo nikasema. Nilisema nikitazama soksi zake. Sikupewa ramani, Baba. Manga niliitunga.

"Msimamizi hakupita?"

"Alipita mara mbili."

"Mara mbili."

Alikunja ramani. Alikosea mkunjo, akaifungua, akaanza upya. "Ungeinua mkono tu, Kerubo." Sauti yake ilikuwa ndogo. Baadaye tukiteremka akasema, "Na mimi nimesimama mbele ya kanisa." Basi.

Barabarani alinunua hindi moja la kuchoma. Akanipa lote.

Jumatatu, 8 Desemba. Tabaka.

Nilidhani tutarudi nyumbani. Asubuhi alisema tu, "Vaa viatu."

Tabaka vumbi ni jeupe. Limekaa kwenye majani ya migomba na nyusi za watu. Machimboni wanaume wanakata jiwe kwa sululu. Linatoka na unyevu, lenye rangi ya waridi, laini kiasi kwamba ukucha unaacha alama. Baba hakuandika chochote. Alishika kipande akakipima mkononi muda mrefu.

Mchongaji mmoja, mzee mchangamfu mwenye kofia ya sufu, alikuwa na viboko wa mawe wengi mbele yake. Baba akamuuliza kwa nini viboko tu. "Mwalimu, mimi nachonga tembo. Mkonga ukivunjika, anakuwa kiboko." Wanawake waliokuwa wakisugua mawe kwenye makarai ya maji wakamcheka. Mmoja akamwambia asitudanganye, yeye tembo hajawahi kumfikisha mwisho.

Baba alicheka. Kidogo, lakini alicheka. Mara ya kwanza tangu Manga.

Yule mama akasema wageni wasitazame tu, wasugue. Akagawa mawe na vipande vya msasa. Kwa Baba, kwa wageni wawili kutoka ziwani, kwa mtoto wake. Nikapata jiwe. Msasa ukaisha mkononi mwake na akageukia karai lake.

Ikawa kama siku ile ya mtihani. Upumbavu, kipande cha msasa tu.

"Mama, mimi sijapata."

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Akasema, "Pole, mama," akararua chake katikati.

Baba alikuwa ameinamia maji. Mikono yake ilisimama. Kisha ikaendelea kusugua.

Jumatano, 10 Desemba. Kiogoro.

Shangazi alipiga simu saa nne. Watu wa kanisa wanauliza habari za binti wa Manga. Baba alisikiliza, akanitazama, akanipa simu. Hakunisaidia hata neno.

Nilimwambia yote. Ng'ombe wake walikuwa wakilia nyuma. Akauliza kama yeye ndiye atakayewaambia, ama nitakwenda mwenyewe. Nikasema nitakwenda. Jumamosi. Nikamrudishia Baba simu.

Mama anajua sasa. Hakufoka, amesema tu nilete maji.

Matokeo hayatabadilika. Nimelikubali hilo, au ninajaribu.

Mvua tangu adhuhuri. Baba amekwenda kuzibua mtaro. Ameiacha ramani wazi mezani, imeelekea upande wangu.