Kwa Kaka Aliyenizika

Tororo,
Jumapili, baada ya ibada.

Kaka Egesa,

Keti kwanza, kisha usome. Mimi ni mdogo wako Ojambo, na nakusalimu kwa jina la Bwana Yesu. Hujambo wewe, shemeji hajambo, na mgongo wa Mama unaendeleaje? Mimi napumua, nakula, na tangu juzi jino limenisumbua mpaka nalalia upande mmoja. Nakutajia jino makusudi, maana marehemu hawaumwi meno.

Najua nilikushtua kwenye simu. Nilisema "Kaka," ukasema "Yesu!" ikakatika, na tangu siku hiyo hupatikani. Sikulaumu. Ndiyo maana nimeandika, nikampa barua Mama Nabwire, jirani yetu wa Lumino anayeuza dagaa soko la Busia. Yeye ndiye aliyeniarifu kwamba nimekufa.

Ilikuwa hivi. Nilitumwa Busia kuchukua vipuri vya gereji ninakofanya kazi, nikapita sokoni saa sita mchana, jua la kupasua kichwa. Nikamwona, nikafurahi, nikamwamkia. Beseni likamponyoka, dagaa wote chini. Akaninyooshea mkono: "Shindwa! Shindwa katika jina la Yesu!" Nikaitika "Amina," kwa maana jina hilo hata mimi naliheshimu, na hapo ndipo alipozidi kutetemeka. Pepo alitazamiwa akimbie, siyo aitikie. Wauzaji wenzake wakarudi nyuma, wakanitazama miguu kuona kama inagusa ardhi. Hujui, kaka, baridi inayomwingia mtu akitazamwa hivyo. Wakatafuta na kivuli changu, lakini saa hiyo kilikuwa kimejikunyata chini ya viatu.

"Kula," akasema Mama Nabwire, akinisukumia andazi kwa kijiti. "Kula mimi nione."

Nikala lote.

"Sasa wewe ni nani? Ojambo sisi tulizika. Mimi mwenyewe nalikula nyama ya matanga yake."

Akanisimulia. Habari za lile lori lililotumbukia mtoni njia ya Juba ziliwafikia, na mtu mmoja akaapa kwamba utingo alikuwa Ojambo. Mwili haukupatikana. Mkangoja miezi, kisha wazee wakakata mgomba uwe badala ya mwili, wakauvika shati langu la bluu, mkauzika kando ya Baba. Ukweli ni kwamba homa ilinishusha Tororo, na mtu mwingine akapanda mahali pangu. Niliposikia lori limezama nilinyamaza. Nilidhani habari ya utingo haifiki mbali, na tena nilikuwa bado na hasira nawe. Kwa hilo nimetubu mbele za Mungu, mbele yako bado.

Na hasira yenyewe ilikuwa ya nini? Tuseme wazi. Binti yako Taaka alipougua ulikwenda kwa mganga kwa siri, ukaniambia mimi peke yangu. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani kutoa ushuhuda, nikataja jina lako. Ukaondolewa katika wazee wa kanisa. Mama akajifunika uso kwa leso. Mimi nilitembea kifua mbele nikidhani nimemtetea Mungu, na uliponifukuza mpaka nijifunze huruma, nikajiona nateswa kwa ajili ya Injili. Ujinga ule unanichoma mpaka leo. Siku hizi kanisani sisimami kushuhudia. Nafagia, napanga viti, Alhamisi nawapelekea uji wagonjwa wasio na ndugu, na mtu akiniambia siri yake inaishia kwangu.

Wiki iliyopita nilikuja nyumbani. Ndiyo, nilifika. Njia nzima nilijiambia mimi ni mtu wa Yesu, mila za wazee hazinihusu. Lakini unajua wasemavyo: aliyezikwa akirudi na kuingia kupitia langoni, kaburi lake halikubali kukosa mtu, litachukua mwingine wa nyumba ile. Nilifika kwenye ua wa minyaa saa nane mchana. Mbwa walinitazama, wasibweke. Nikaona msalaba na jina langu kwa rangi nyeupe, mwandiko wako. Miguu ikagoma. Miguu hii hii, kaka, iliyokupita kwa madaha pale kanisani! Nilimwaza Taaka, nikamwaza Mama, nikaogopa kumuua mtu kwa kupita tu langoni. Ndipo nikakuelewa wewe na mganga wako. Hukuwa umemwacha Mungu. Ulikuwa umeogopa, basi.

Mama akatoka, akainama kaburini kung'oa majani. "Ojambo," akasema kwa sauti yake ya kila siku, "umeshindaje, mwanangu?"

Mdomo ukanitangulia. Nikajibu nyuma ya ua: "Salama, Mama."

Hakushtuka. Hakugeuka. Alisema, "Haya, vizuri," akaendelea kung'oa majani, kama mtu aliyezoea kujibiwa. Kaka, nani amekuwa akimjibu miaka yote hii? Yule aliyepanda lori mahali pangu simjui hata jina, na kila nikipiga magoti namwombea bila kujua nimwiteje. Nilirudi kinyumenyume mpaka barabarani, nikapanda gari la kwanza lililopita.

Nataka kurudi, kaka. Mama asiachwe azungumze na mgomba. Ukisema nije mchana na mchungaji, nipite langoni, nitakuja. Ukisema wazee watoboe ua nyuma ya nyumba nipitie huko, nitapita nimeinamisha kichwa, wala sitamhubiria mtu. Wewe ndiye mkubwa, amua wewe.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu aliyeniuguza nilipougua surua. Taaka, ambaye sasa ni msichana mkubwa, mwambie baba yake mdogo anamwomba radhi. Mama usimwambie lolote mpaka uwe umeamua. Jibu mpe Mama Nabwire, atanifikishia.

Limebaki neno moja linaloninyima raha. Mama Nabwire aliniambia kwamba mgomba ulipoteremshwa, wewe ulisimama ukingoni mwa kaburi, ukasema mbele ya watu wote: "Mdogo wangu, yote nimekusamehe, nenda kwa amani." "Alilia mpaka sisi tukamushika," alisema. Nakuuliza kwa heshima, kaka yangu: msamaha ule uliutoa kwa maiti peke yake, au hata mtu aliye hai anaweza kuja kuupokea?

Ni mimi, mdogo wako,
Ojambo