Ndoo Niliyoigeuzia Ukutani

Jumamosi, Nshambya. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa, saa nane mchana, inapiga bati kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Sijala. Chai niliyopika asubuhi iko mezani, imeshaota utando.

Nina migomba saba sebuleni. Mnaosoma ukurasa huu mnaijua, maana nimewasimulia mpaka mmechoka. Ni nshakala, ndizi ya kupika ambayo marehemu baba aliipanda Kishanda, kule Muleba. Mnyauko ulipoingia kibanjani kwetu tuling'oa kila shina, tukaiacha ardhi bila mgomba misimu kadhaa. Mbegu ile ilibaki kwa shangazi peke yake, Kanazi. Kwake nilichukua machipukizi saba. Niliyamenya matunguu mpaka yakawa meupe, nikayachovya kwenye maji ya moto kuua wadudu, nikayapanda kwenye ndoo zilizotobolewa chini. Ndani ya nyumba, mbali na nyuki na mapanga ya watu yanayosambaza mnyauko.

Walinicheka. Mama Jalia, jirani yangu, alisimama mlangoni akashika kiuno. "Mwalimu, siku moja utaamka mkungu umekulalia!" Nikamwambia afadhali mkungu unilalie kuliko niamke sina mkungu.

Na ilinawiri. Niliiweka kwenye dirisha la mashariki, nikageuza ndoo kila wiki shina lisipinde kufuata mwanga, nikafuta vumbi kwenye majani kwa kitambaa kibichi. Maji sikumwaga mpaka kidole kiingie kwenye udongo na kutoka kikavu. Wageni walikuwa wanakaa pembeni ili migomba ipate nafasi.

Kesho kaka yangu Yoeli anakuja na pikapu kuichukua. Mashimo saba yamechimbwa Kishanda na samadi imewekwa. Mama, ambaye siku hizi hatoki nje bila fimbo, amekwenda mwenyewe kuyakagua.

Mgomba wa tatu kutoka dirishani unaumwa.

Haya, nimeliandika. Siku nne nimeshindwa hata kulisema kwa sauti nikiwa peke yangu.

Jumanne jani lilikuwa la njano, limevunjika katikati na kuning'inia kama limeunguzwa. Nikajiambia ni maji mengi. Uongo. Maji yakizidi huanza jani kuukuu la chini, na hili lilikuwa jani changa. Najua hivyo, nimewafundisha hapa hapa, kwa ukali, na aliyebisha nilimshushua mbele ya watu.

Nikalikata. Jumatano likafuata jingine, nikalikata pia, nikalizungushia gazeti. Alhamisi Mama Jalia alibisha hodi kuomba chumvi, na kabla sijaamua lolote mikono yangu ilikuwa imeshaigeuza ile ndoo, upande uliokatwa ukatazama ukuta.

Nilimpa chumvi. Nikamsindikiza mpaka getini, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Wasomaji wa zamani mnakumbuka makala yangu kuhusu wanaoficha migomba inayougua. Niliandika kwamba anayekata jani la njano ili kamati ya kijiji isilione ni muuaji wa kijiji kizima. Mliishangilia sana. Ambalo hamkulijua, na Kishanda nzima ililijua, ni kwamba mtu niliyekuwa ninamsema ni mama yangu. Alifanya hivyo. Shina moja, nyuma ya jiko. Halafu ugonjwa ukavuka ua, ukaingia kwa jirani. Yoeli alimsomea makala yote, mstari kwa mstari. Mama hakunipigia simu, na nilipokwenda kumsalimia alinipakulia chakula kama kawaida. Mpaka leo hajasema neno.

Nilidhani amekosa la kujibu.

Leo asubuhi nilichukua panga, nikalichoma motoni safari hii, nikakata shina la mgomba wa tatu katikati. Nikavuta kiti nikakaa nikilitazama. Kwanza lilitoa maji tu, nikaanza kutabasamu kama mjinga. Kisha matone madogo ya njano yakajitokeza, mazito, kama jasho la mtu mwenye homa: usaha wa mnyauko.

Sikuhitaji kutafuta mchawi. Jumapili ya kwanza ya mwezi huu niliomba majani kwa Mama Jalia ya kufunikia ndizi jikoni. Nilikwenda kuyakata mwenyewe, kwa kisu changu. Niliporudi nikakifuta kwenye kitenge, na kwa kuwa kilikuwa mkononi nikakitumia kupunguza maganda makavu kwenye migomba yangu. Yote saba. Kisu kimoja. Mimi, ninayewatukana wasiochoma mapanga yao! Sasa migomba ya Mama Jalia karibu na ua imeanza kunyauka, na yeye anadhani ni jua.

Ile sita iliyobaki ni mizuri. Majani mapana, shina nene, hakuna doa. Huenda mizima. Huenda ugonjwa umo ndani, umetulia, utatokea kwenye shamba la baba. Asubuhi nzima akili yangu imenitengenezea hoja za kuipeleka, na zote ni hoja nzuri sana.

Saa sita nikampigia Yoeli, nikamweleza habari ya mgomba wa tatu.

"Hiyo sita inaonekanaje?" akauliza.

"Mizuri."

"Basi nakuja kuichukua sita. Wewe unajua mama atangoja mpaka lini?"

"Kaka, siwezi kuapa kwamba ni mizima."

"Umeanza siasa zako! Mwanamke anataka kuona nshakala yake kabla—" Nikasikia simu inachukuliwa.

"Ulikata majani?" Ilikuwa sauti ya mama.

"Nilikata, mae."

"Mangapi?"

"Mawili."

"Mimi nilikata matano." Akakohoa. "Kulikuwa na mkungu juu. Nilitaka ukomae mje mle Krismasi. Hukuniuliza."

Kweli, niliandika bila kumuuliza. Mimi!

"Hiyo sita usiilete huku," akasema. "Jirani nimeshamuua mara moja, inatosha. Mashimoni tutapanda maharage."

Nyuma yake nilimsikia Yoeli akipiga kelele kwamba kesho anakuja, apende asipende mtu, na pikapu imeshawekwa mafuta. Simu ikakatika.

Nimekwenda kwa Mama Jalia katika mvua hii hii, nikamwonyesha mashina yake na nikamweleza kuhusu kisu, kwamba mnyauko uko shambani kwake na sebuleni kwangu. "Kumbe ile Alhamisi," akasema, "nilidhani unaficha mwanamume."

Mvua ikipungua nitaing'oa yote saba na kuifukia. Ila naliweka andiko hili hewani kabla sijashika panga, kwa sababu najijua. Kesho jua likiingia lile dirisha na kuyapiga yale majani, nitapata hoja. Sijawahi kukosa hoja.

Sasa mmesoma. Yoeli, na wewe umesoma, na najua utamsomea mama. Pikapu njoo nayo. Nyuma usipakie kitu. Mbele mkalishe mama, kuna jambo nataka kumuuliza.