Bomba Halikuponyoka

3 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu, na za Mama umfikishie kabla hujasoma mstari wa pili, maana najua atakukaripia ukichelewa. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, nalo tumeshazoeana.

Leo nimetimiza miaka thelathini na moja tangu nitoke nyumbani kwa dirisha la nyuma. Siku ile nilikuwa na umri wa miaka thelathini na moja. Maana yake kuanzia kesho nitakuwa nimeishi ugenini muda mrefu kuliko kwetu. Nimeona nikuandikie leo, kabla mizani haijalala upande mmoja.

Usishtukie stempu. Nilistaafu karakana ya meli mwishoni mwa mwaka, na badala ya kukaa kitini nikitazamana na ukuta nimehamia nchi nyingine tena, kujitolea. Tuko kumi na wawili, na nawazidi wote miaka ishirini au zaidi. Tunalala katika ghala lililokuwa la barafu. Kuta zake ni nene kama za gereza, na ukitundika koti jioni asubuhi unalivaa likiwa limelowa. Kazi yetu ni kulinda nyangumi na pomboo wa ghuba hii. Wiki iliyopita tulimkuta nyangumi amenaswa na kamba ya wavu mkiani, kamba imekula nyama hadi mfupa. Tulipoikata alitupiga kwa mkia huo huo akavunja ubao wa mashua. Hakuna aliyemlaumu.

Lakini kazi kubwa ni pomboo, kwa sababu watu wa hapa wanawinda kama tulivyowinda sisi. Mashua zinajipanga mstari, kila moja imetumbukiza bomba lake la chuma majini, na wanaligonga kwa nyundo kwa zamu, moja baada ya nyingine. Pomboo wanaikimbia kelele mpaka wanajikuta kwenye maji mafupi, wavu nyuma yao. Kisha mikuki.

Juzi walifanikiwa. Tulisimama mwambani tukihesabu, maana kushuka tumekatazwa. Kumi na tisa. Unajua huchomwa nyuma ya kichwa, na asiyechomwa vizuri hujizungusha akijimaliza mwenyewe kwenye mawe. Maji yalikuwa mekundu hata wachinjaji hawakuona tena wanachoma nini. Mmoja alimchoma mwenzake pajani, wakacheka wote, hata aliyechomwa. Kicheko kile nakijua. Nimewahi kukicheka.

Vijana wananiita Mzee Bomba, kwa kuwa mimi peke yangu najua mambo yanavyokwenda upande wa pili. Niandikie. Mama anakula?

Kaka yako


29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika na unyevu, kana kwamba uliiandika umekaa ndani ya maji. Mama anakula. Miguu imevimba, ila mdomo haujavimba. Nilipomsomea kwamba unalinda pomboo aliuliza, "Na sisi anatulinda nani?" Halafu akataka nirudie kile kipande cha nyangumi. Wenzako wa umri wako wanatafuta vivuli, wewe unatafuta kupigwa mikia.

Sasa nisikilize. Jumamosi amekuja Mrefu, mtoto wa marehemu Jirani. Alibisha hodi mlango wa mbele, akangoja. Hakuna mtu wa nyumba yao aliyepita mlango huo tangu siku walipouvunja. Wewe ulikuwa umeshatoka kwa dirisha. Mimi nilikuwa chini ya meza, na miaka yangu tisa. Baba zake wadogo walimuuliza Baba uko wapi. Hakusema. Wakabishana wampondeponde mkono upi, mmoja akasema tusipoteze muda, wakaiponda yote miwili kwa jiwe la kusagia. Baba aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo, nami ndiye niliyemlisha kwa kijiko. Sikulaumu, nakukumbusha tu nani alikuwa wapi.

Mrefu alikaa akanywa chai. Akasema, "Dada, baba zangu wadogo wamekwisha wote, wameniachia kiapo chao, na kimenichosha. Na nyinyi wanawake sina neno, leo wala kesho. Neno langu ni na kaka yako."

Nikamuuliza neno gani.

"Moja tu. Siku ile bomba lilimponyoka, au alilinyanyua? Kama lilimponyoka, baba yangu aliuawa na bahari, na bahari haishtakiwi. Aje kwao. Kama alilinyanyua, asije. Nitamuua, na mimi nina watoto wa kulea."

Anataka uandike, isomwe mbele ya nyumba zote mbili. Kisha uje mwenyewe, useme kwa mdomo wako kwenye kaburi la baba yake. Basi, yamekwisha.

Kaka, ni neno moja. Lilikuponyoka. Baba alilisema hilo mikono yake ikiwa chini ya jiwe, akalisema mpaka anakata roho. Mama ana miaka themanini na miwili. Chumba chako nimekipaka chokaa, nimeondoa magunia. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Ndani kuna karatasi mbili. Ile fupi ndiyo utakayoisoma mbele ya watu. Inasema bomba liliniponyoka. Tiketi nimekata, nitafika tarehe 14 Agosti, Mungu akipenda. Hii ndefu ni yako peke yako. Ukiisha kuisoma, ichome.

Hukuwahi kupanda mashua yetu, kwa hiyo hukuona jinsi Baba alivyonifundisha. Ukishagonga zamu yako, unainama unauma ncha ya bomba kwa meno na kusikiliza. Sauti inapanda kwenye chuma, inaingia taya, inafika sikioni kwa ndani. Hivyo ndivyo tulivyojua kundi liko wapi. Siku ile zilikuwa mashua kumi, sisi wa saba, Jirani wa nane. Nikagonga, nikauma bomba. Nikasikia mmoja anapiga mluzi. Mluzi ule ule, kwa urefu ule ule, mara ishirini labda, kama mtu anayeita jina la mtu mmoja sokoni na haitikiwi. Nilikuwa nimesikia miluzi miaka kumi na tano na haikunifanya lolote. Siku ile zamu yangu ikafika, nikalinyanyua bomba, nikalilaza ndani ya mashua taratibu, jinsi unavyomlaza mtoto aliyesinzia.

Penye kimya ndipo penye mlango. Walipita pale pale, zaidi ya hamsini, wakaikumba mashua ya Jirani ubavuni. Alikuwa amesimama, mkuki mkononi. Alianguka nao. Uliingia chini ya mbavu ukatokea mgongoni, na kundi zima likapita juu yake. Tulimtoa akiwa hai. Damu inamtoka puani na mdomoni, ananitazama mimi, anauliza, "Mbona kimya? Mbona kimya?" Alikufa kabla hatujafika ufukweni, kichwa chake juu ya mapaja yangu.

Baba, nyuma yangu kwenye usukani, alikuwa ameona yote. Kabla mashua za wengine hazijasogea, alilichukua lile bomba kwa mikono yake akalitupa baharini. Akaniambia, "Limekuponyoka." Ile mikono ndiyo waliyoiponda.

Sasa unajua. Nitakuja na nitasema alilosema Baba. Nimechoka pia.

Kaka yako


2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Ile ndefu nimeichoma jikoni, na macho yangu yalitoa machozi ya moshi na ya mengine. Sitasema zaidi. Ulikuwa unanibebea hilo miaka yote, sasa tunabeba wawili, mzigo umepungua au umeongezeka sijui.

Ile fupi imesomwa Jumapili mchana. Walikuja watu kumi na wanne wa nyumba yao, viti havikutosha, mmoja akakaa juu ya mtungi wa gesi. Nilisoma nimesimama. Nilipomaliza nikaikunja. Mrefu akainama akafunika uso, mabega yakawa yanamtikisika. Mke wake akamwambia, "Lia, hujawahi kulia tangu nikujue." Kisha akaja akanipa mkono. Akaenda kwa Mama akapiga magoti. Amesema tarehe 14 Agosti atakupokea yeye mwenyewe, akubebee na sanduku.

Shangazi yake mmoja, mwenye jicho moja, alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Kuponyoka gani huko, bomba la kilo nane." Mrefu akamwambia, "Shangazi, ukitaka vita kapigane na paka wako."

Jambo dogo tu. Walipoondoka Mama alicheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema, "Mwanangu huyu hajawahi kuponyokwa na kitu. Hata sahani." Kisha akaniomba uji.

Usichelewe. Mama anahesabu siku kwa kokwa ndani ya kopo, na mimi namkamata akitoa mbili mbili.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

Nakusalimu kabla ya yote, na Mama umshike mkono wakati unamsomea hii. Hii msomee yote. Kisha ichome kama ile ya kwanza.

Siku kumi zilizopita wawindaji walitoka asubuhi, mashua tisa. Kundi lilikuwa kubwa, tulihesabu sitini na mbili kwa darubini. Injini ya mashua yao ya nne ikafa, mkondo ukaivuta mbali. Wakabaki na pengo katikati ya mstari, wasijue walizibe vipi. Mkuu wetu akatutuma mimi na Nesi. Nesi ndiye anayeendesha mashua yetu. Aliacha wodi ya hospitali kuja huku, ni msichana wa maneno machache. Tuliagizwa tukae nje ya lile pengo, injini imezimwa, tuhakikishe hakuna anayekuja kuliziba. Bomba nilikuwa nalo la kusikilizia tu. Kazi yangu nzima ilikuwa kunyamaza.

Nikauma bomba. Nikasikia kundi linageukia kwetu. Nikamwonyesha Nesi kwa kidole: wanakuja. Alitabasamu. Huko wawindaji wanagonga kwa zamu, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikafika zamu ya wa nne. Kimya.

Nitakueleza kilichotokea bila kukipamba. Nilimsikia Jirani. "Mbona kimya?" Na mkono wangu ukamjibu. Ulichukua nyundo kwenye kisanduku cha vifaa ukagonga bomba. Wa tano, wa sita, mpaka wa tisa, wakaanza upya, na zamu ya wa nne ilipofika nikagonga tena. Niligonga mara tatu, kwa mpangilio ule ule wa Baba, kabla Nesi hajaniruka akaninyang'anya nyundo. Ukelele wake sikuusikia. Nilikuwa nimelifunga pengo, mimi, na kundi lilikuwa limeshageuka kurudi ndani.

Waliua arobaini na watatu. Nesi aliwasha injini akatupeleka hadi kwenye wavu, akajitosa na kisu kuukata. Mmoja wao akampiga kulabu begani, akamvuta nayo kama wanavyovuta pomboo, naye hajaachia wavu. Nilimpiga yule mtu kwa bomba mdomoni. Meno yalimtoka, nikampiga tena alipokuwa ameshaanguka, na ningempiga ya tatu lau mashua isingeyumba. Ndani ya wavu walikuwa wakichomwa hai, na ndama walikuwa wakikanyagwa na wakubwa wao. Nilisikia miluzi bila kuuma chochote. Ilipungua mmoja mmoja, mpaka ukabaki mmoja. Kisha nao ukakoma.

Nesi amepona nusu. Mkono haunyanyuki juu ya bega. Mkuu alinikalisha ghalani akaniambia, "Mzee, ni mkono tu uliteleza. Hukukusudia. Hakuna atakayekulaumu." Amesema kweli. Sikukusudia. Na hapo ndipo nilipoliona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka thelathini na moja.

Kugonga ndiko kulikoniponyoka. Kunyanyua hakukuniponyoka. Mama alijua. Katika maisha yangu marefu nimeua wengi kwa mazoea na kwa zamu, na mara moja tu mkono huu ulitenda nilichotaka, na mara hiyo ikamuua mtu aliyekuwa akitupatia chumvi dirishani. Alikufa akiuliza swali. Nikisimama kwenye kaburi lake nitalazimika kulijibu, na nikijibu kwa neno la Baba nitakuwa nimemuua mara ya pili, mara hii kwa uongo. Nikijibu kwa kweli, Mrefu atalazimika kunichinja mbele ya wanawe, na yeye si mtu wa hivyo. Ametoka kulia kwa mara ya kwanza. Mwache na machozi yake. Mwambie kaka yako ameshindwa na goti. Alishasema na nyinyi hana neno, nami namwamini.

Najua Mama anahesabu. Zimwage zile kokwa, Mama, usizitoe mbili mbili. Ulisema kweli: hakuna kilichoniponyoka siku ile. Nilitaka ulisikie kwangu.

Mkuu hajanifukuza. Nesi kanijia jana na bomba chini ya mkono wake mzima, akasema, "Nifundishe kuuma." Hakusema amenisamehe, wala sikuuliza. Tumeanza leo. Anasikia vizuri kuliko mimi. Nyundo tumeitupa.

Chumba mpangishe mtu, chokaa isipotee bure. Mwenda tezi na omo, ulisema. Kwa wengine ni kweli.

Sitarudi.

Kaka yako