Uzi Haukatwi kwa Meno

Bwenini, 3 Machi

Kwa Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na cherehani yako. Mimi ni mzima, na chakula cha shule kinalika ukiwa na njaa.

Leo nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo mtoto hapaswi kumwambia mkubwa. Dada ameniandikia kwamba umekataa kumshonea gauni la harusi kwa sababu macho yako yamechoka. Analia, maana tangu utotoni alisema hataolewa na gauni la fundi mwingine. Lakini Mama Mdogo, likizo iliyopita ulitunga uzi kwenye sindano huku ukinikemea, bila hata kuitazama. Mimi niliona jambo lingine. Ulikata uzi kwa meno, kama kawaida yako, na kwenye kola ya shati langu la shule likabaki doa jekundu. Ukasema umejichoma sindano. Vidole vyako vyote vilikuwa vizima.

Je, ni fizi zinazokufanya uogope kitambaa cheupe? Ndiyo maana siku hizi unacheka umeziba mdomo kwa kiganja?

Mwanao

Dukani, 15 Machi

Kwa mwanangu mpelelezi,

Marahaba. Mimi nipo, cherehani ipo, na majirani wapo na umbea wao.

Umeniweza. Nilidhani nalea fundi, kumbe nalea polisi. Ndiyo, ni fizi. Zimevimba, zinatoka damu nikitafuna mkate, sembuse kukata uzi. Niliona zinahitaji mapumziko, nikaacha kupiga mswaki upande unaouma. Ajabu, upande huohuo ndio umezidi kuharibika. Jirani yangu muuza vitambaa ananiambia, "Fundi, huo ni umri, meno yanaaga." Na mimi arobaini sijaifikia.

Kwa daktari wa meno siendi. Akiuona mdomo huu atayang'oa yote, nije nishone nikiwa kibogoyo. Mwambie dada yako atafute fundi mwingine. Nikimtia doa siku yake, sitajisamehe.

Mama yako mdogo

Bwenini, 27 Machi

Shikamoo Mama Mdogo. Hujambo kweli, au ni hujambo ya kwenye barua tu?

Nilimwuliza muuguzi wa shule, kwa niaba ya fundi mmoja ninayemfahamu. Akataka kujua kama huyo fundi ana maradhi mengine. Nisamehe kwa kuyataja: nikamweleza siku zako zinavyopotea kwa miezi, na kwamba daktari aliona vifuko vidogo kwenye ovari. Muuguzi akavua miwani. Akasema mwenye hali hiyo homoni zake huyumba, na fizi nazo huzisikia homoni. Si wote, lakini kwa wengine fizi huvimba upesi utando ukikaa kwenye meno. Kwa hiyo si uzee unaobisha hodi.

Ila fizi inayotoka damu haipewi likizo, alisema, akinitazama kana kwamba fundi ni mimi. Inasuguliwa taratibu, kwa mswaki laini, asubuhi na usiku. Na daktari wa meno aambiwe habari za ovari pia. "Asiupeleke mdomo peke yake kama vile hauna mwenyewe."

Nenda, Mama Mdogo. Dada hajatafuta fundi mwingine. Ule ujumbe wako sikumfikishia.

Mwanao

Dukani, 30 Mei

Marahaba mwanangu. Usininunie kwa kimya changu, nilingoja niwe na la kusema.

Nilikwenda. Nilikishikilia kile kiti kama mtu anayening'inia juu ya kisima. Daktari ni binti mdogo, ningeweza kumshonea sare. Alikwangua ukoga, jino hakung'oa hata moja. Nilipomweleza ya ovari alisema, "Mama, umenirahisishia kazi," akamwandikia daktari wangu wa ovari wasaidiane.

Halafu akanipa uzi. Uzi, mwanangu, wa kupitisha katikati ya meno. Miaka yote meno yangu yanakata uzi, leo uzi ndio unayatia adabu. Nilicheka mpaka akasimamisha kazi.

Nimerudi kwake mara kadhaa. Damu sasa naiona kwa nadra. Mkasi mdogo nimeufunga shingoni kwa utepe, na nikijisahau muuza vitambaa anapaza sauti, "Fundi, mkasi." Ameninunulia hata pipi, nikamrudishia.

Kitambaa cheupe kiko mezani. Mwambie dada yako aje kupimwa, na asinenepe kabla ya Agosti.

Mama yako mdogo

Bwenini, 9 Juni

Shikamoo Mama Mdogo. Mimi ni mzima kupita kiasi, mpaka matroni ameniuliza kuna nini.

Dada ameniandikia kurasa nzima kuhusu mikono ya gauni. Anasema ulitaka kubana pini mdomoni, akakunyang'anya. Mimi nimepata ruhusa ya kuja harusini, na amenipanga nisimame kando yako kwenye picha.

Nimezitazama picha zetu za mwaka jana. Katika kila moja, sote tunacheka na wewe una kiganja mdomoni. Basi nina swali moja tu, na tafadhali unijibu upesi kwa posta: siku hiyo mpiga picha akituambia tucheke, mkono wako utakuwa wapi?

Mwanao