Kimya Kile njo Changu

Jumanne, 3 Juni

Nimetwanga sombe, majani ya muhogo. Mikono inauma. Roho zaidi. Mbanda wangu, muke mwenzangu Furaha, iko Nairobi na bwana yetu, Baba Amina. Mie niko Kindu na sufuria. Eti bibi mudogo njo mwenye paspoti. Eti anajua Kiingereza. Kiingereza gani? Cha kununua vitenge!

Kansa ya koo ya bwana walimaliza kuichoma kwa miale mwezi wa pili. Kesho wanatafuta kama imeisha. Watamdunga sukari yenye miale, kisha mashine itapiga picha. Ugonjwa unapenda sukari, pahali ulipo panawaka.

Nimeacha sukari kwenye chai yangu. Upuuzi, najua.

Jumatano, 4 Juni

Furaha ananiita yaya, dada mukubwa. Ameandika: "Yaya, usipige simu. Amekwisha dungwa, wamemkataza kusema saa nzima. Niko mlangoni kwake. Tunanyamaza wote wawili."

Wote wawili! Loo!

Wakati wa vita tulijificha porini, njia ya Kibombo, mie na bwana. Siku tatu. Watu wa bunduki walipita karibu, nikasikia mmoja anakohoa. Hatukutoa neno. Aliandika kwa kidole kiganjani mwangu: niko. Furaha alikuwa bado mutoto wa masomo. Kimya cha yule bwana njo changu. Hakina zamu.

Nikampigia bwana. Mara saba. Ya nane akashika. "Zaina, niko." Sauti imekwaruza. Nikalia, nikamtukana Furaha. Akanituliza, akasema sana, kama zamani.

Nilifurahi. Naandika kweli: nilifurahi.

Alhamisi, 5 Juni

Picha imetoka. Shingo safi. Lakini koo limewaka, pale penye sauti.

Daktari aliuliza kama alisema. Misuli ya kusema nayo inakula sukari. Akajibu: nilisema na bibi yangu. Furaha akaruka: bibi gani, mie nimekaa hapa kimya!

Sasa hawajui. Ni maneno yangu au ni ugonjwa? Kesho kutwa wataingiza kamera kooni. Kama ni ugonjwa, watatoa kisanduku chote cha sauti. Hatasema tena. Wala na mie, wala na Furaha.

Wivu wangu, koo lake. Sombe imeharibika, sikula.

Ijumaa, 6 Juni

Nimeswali. Nimeogopa. Basi.

Jumamosi, 7 Juni

Hakuna kitu. Wamechungulia, wamekuta safi. Yalikuwa maneno tu.

Furaha amenitumia ile picha. Shingo nyeusi, katikati moto mudogo wa manjano. Ameandika chini: "Yaya, huu ni wako." Hakunitukana. Ingekuwa mie, ningemtukana.

Nimeiangalia mpaka chai ikapoa. Wivu bado uko. Nimemjibu: koo lake limechoka, asiseme na mtu leo, hata mie. Kaa naye. Munyamaze.

Halafu nikaweka sukari. Vijiko viwili.