Kuku Waliokwenda Wamaza

Yaya Mwamini,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, pamoja na dua. Sisi huku hatujambo. Safari hii sina mtu wa kunitajia maneno. Zamani ulikuwa unakaa pale mlangoni, unapepeta mchele, unasema, "Andika hivi, Zaina," nami naandika kwa hizi herufi za Kiarabu za chuo cha Kurani alizonifundisha baba yangu, na barua inakwenda kwa kaka yako Musafiri kule Wamaza. Nikimaliza unasema, "Soma." Nikisoma unasema, "Mimi sikusema hivyo," na kumbe ndivyo ulivyosema. Leo hakuna wa kunikatiza, na mkono wangu unakwenda polepole kuliko siku zile.

Nina habari nyingi, yaya, na nyingi ni njema. Moja ni mbaya, lakini usiogope, imekwisha pita.

Unakumbuka nilivyoletwa hapa kuwa mke wa pili wa Ramazani? Nililia njia nzima. Kwetu walikuwa wamenitisha na habari za bi mkubwa. Wewe hukucheka wala hukununa. Uliniangalia miguu tu, ukasema, "Miguu iko imevimba. Kaa." Kesho yake ukaniletea tetea ndani ya kikapu, tayari ameshaanza kuatamia, ukaniwekea nyumbani kwangu, ukaenda zako bila neno. Yaya, yule tetea! Alinidonoa mpaka mikono ikatoka damu. Nilimpa maji, nilimpa chenga za mchele, nikanyamaza naye. Siku vifaranga walipotoka uliingia, ukapiga magoti, ukainua bawa lake kidogo, ukawaona wote wazima. Ndipo ukacheka. Ukasema, "Sasa niite yaya." Nami sikuwa na dada mkubwa tangu kuzaliwa.

Tangu siku ile tulifuga pamoja. Wanawake wa kijiji walingoja tugombane, wakangoja, wakachoka.

Wakati mwingine nacheka peke yangu nikimkumbuka yule jogoo mweupe. Moniteri wa kilimo, yule kijana wa Kasongo aliyekuja kukagua mashamba ya pamba, ndiye aliyekuletea, jogoo wa Ulaya, mrefu, kilemba chake chekundu kimemwangukia jichoni. Ukamwita Muzungu. Mume wetu akakusihi, "Mama Feza, jina hilo litatufunga." Hukusikia. Basi siku ile bwana agronomu, yule Mzungu mkubwa wa kilimo, akaja mwenyewe kijijini, amekaa barazani kwa chifu, askari wamesimama, kijiji kizima kimya, na wewe huku nyuma ya nyumba unapiga kelele: "Muzungu! Mwizi wewe! Toka mu mchele yangu!" Nilitamani ardhi inimeze. Bwana agronomu akageuza shingo akauliza mwanamke yule anasema nini. Moniteri, Mungu amlipe, akajibu kwamba mama yule anamwita jogoo wa serikali aje kula. Bwana akafurahi sana. Akasema mama anafanya kazi nzuri.

Na kweli ulifanya. Watoto weupe wa Muzungu walichukuliwa na mwewe mmoja mmoja, kwa sababu mwewe aliwaona kutoka mbali kama vitambaa vilivyoanikwa. Lakini walitoka pia wekundu, rangi ya udongo wa njia yetu, wenye mwili mkubwa wa baba na akili ya mama zao wa hapa. Hao ndio uliowaacha wazae. Hukuchagua kwa ukubwa peke yake. Tetea aliyeacha mayai yapoe alikwenda sokoni, hata awe mzuri namna gani. Jogoo aliyepata mchwa akala peke yake bila kuwaita wenzake, naye alikwenda sokoni. "Huyu iko mchoyo," ulisema, "sitaki wajukuu yake." Mvua baada ya mvua, tukapata kuku ambao watu walikuja kuwatazama kutoka vijiji vya mbali. Wakawaita wekundu wa Mama Feza.

Halafu ule ugonjwa wa kifua, yaya. Sitaandika mengi. Ulikwenda upesi kuliko tulivyokuwa tayari. Ulinishika mkono ukataja jina la binti yako, "Feza," basi. Hukuongeza neno. Mimi nilielewa.

Tulipomaliza arobaini, kaka yako Musafiri akaja. Nilimwona na baiskeli yake, nyuma amefunga makapu mawili makubwa, matupu. Alisalimia vizuri, alikula, alinawa. Kisha akasema, "Nimefuata kuku ya dada yangu."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia, "Shemeji, kuku hawa tumewalea wawili."

"Umewalea, sikatai. Lakini mwenyewe alikuwa dada yangu. Kwetu, kitu cha mwanamke kinarudi kwao."

"Na Feza je? Mama yake alitaka aingie kwa mume na kuku wake mwenyewe."

"Feza iko mutoto yetu vilevile," akasema, na macho yake hayakuniangalia.

Nilisema maneno mengine, yaya, makali. Ramazani alininyamazisha, akasema tugawane nusu kwa nusu, mambo yaishe. Musafiri akachagua. Hakuchukua ovyo. Alichukua jogoo bora, yule mwenye kifua kipana, na mitemba, wale matetea wachanga wasiotaga bado, wa mayai ya mwisho uliyoatamisha mwenyewe. Makapu yakafungwa, baiskeli ikaondoka, nami nikabaki nimesimama katikati ya manyoya. Niliona kama wamekuzika mara ya pili. Siku nyingi sana sikutaja jina la kaka yako ndani ya nyumba hii.

Hata hivyo wale waliobaki walizaa. Feza alinisaidia. Ana mkono wako, anainua yai kwenye tundu la ukuta pale jua linapoingia, anafumba jicho moja, anasema hili liko na mutoto, hili tupu. Akaja kijana kumposa, seremala wa Kasongo, mtu mpole, anasali. Tukakubali. Tukaanza kuweka pembeni matetea wa Feza.

Sasa naandika ile habari mbaya.

Kiangazi kilikuwa kikali. Wachuuzi walikuwa wanapita njiani kila mara, wanakwenda Salamabila kuuzia watu wa machimbo ya dhahabu, na makapu ya kuku walionunuliwa kila mahali, wazima na wagonjwa pamoja. Walilala hapa kijijini, kwa jirani yetu Mama Amisi. Haukupita muda, kuku wa Mama Amisi wakaanza kusimama mabawa yamelegea, kinyesi kijani, shingo zinapinda kama mtu anayetafuta kitu nyuma yake. Mimi na Feza tukawahamisha wetu wote, tukawapeleka kibanda cha shambani, mbali, ng'ambo ya kijito. Tukawawekea maji yao, chombo chao. Hatukumruhusu mtu kufika. Lakini ugonjwa sijui ulipitia wapi. Labda kunguru, labda mbwa aliyeburuta mzoga. Asubuhi moja tetea wa kwanza hakushuka kwenye kiota chake.

Walikufa wote, yaya. Wekundu wote. Hata wale wa Feza.

Watu wengine kijijini waliwala, wengine wakawatupa porini. Sisi tuliwafukia chini sana, tukamwaga majivu juu, kama ulivyotufundisha. Kisha nikakaa chini hapo hapo shambani. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Feza akaja akakaa karibu yangu, akaweka kichwa begani kwangu. Akasema, "Mama mdogo, usilie. Nitakwenda kwa mume na vyungu tu." Alisema hivyo ili anichekeshe. Hapo ndipo nililia kabisa.

Tukachoma banda. Ramazani akajenga jingine mahali pengine, juu ya miti mirefu, na hakuna aliyelala ndani yake. Mvua za kwanza zikanyesha banda likiwa tupu. Asubuhi hazikuwa na sauti. Unajua nyumba isiyo na kuku ilivyo? Ukimwaga maji ya mchele, yanabaki pale pale chini.

Siku moja nikamwona mwanamke amesimama mwisho wa kijiji, njiani, haingii. Nikaenda kumtazama. Alikuwa Mama Sifa, mke wa Musafiri. Ametembea kutoka Wamaza kwa miguu, vumbi mpaka magotini, mikono mitupu. Hakunisalimia kwanza. Aliniuliza, "Ugonjwa ya kuku iliisha lini hapa?"

Nikamwambia: tangu kiangazi, na sasa mvua zimeshakolea.

"Banda mulifanya nini?"

"Tulichoma. Hili ni jipya."

Akashusha pumzi. Akasema, "Basi nitaleta. Nimeziacha kijiji cha nyuma, kwa mutu tunajuana naye. Sikutaka kuziingiza hapa zife. Ni kuku ya wifi yangu."

Sikuelewa mara moja. Alipokwisha kurudi na kikapu kichwani na kukifungua nyumbani kwako, ndipo nikaona: jogoo mwenye kifua kipana, mtoto wa yule yule, na mitemba wekundu, macho safi, wanaangaza angaza kama wageni wenye adabu. Wamaza ugonjwa haukufika. Nyumba ya kaka yako iko mbali na njia ya wachuuzi, na Musafiri hakumruhusu mtu yeyote kuleta kuku mwingine nyumbani kwake.

Nikampikia Mama Sifa wali na majani ya mihogo. Alipokula akanieleza habari ambayo nataka uijue, kama hukuijua bado. Ujumbe wa kifo chako ulimfikia kaka yako umechelewa. Alipanda baiskeli siku ile ile, mvua ikamzuia mtoni, akafika tumekwisha kuzika na kutawanyika. Alisimama kidogo kaburini akarudi, hakuweza kukaa na watu. "Hakumzika dada yake," Mama Sifa akasema. "Ndiyo sababu alifuata kuku. Alitaka kitu ya dada yake yenye pumzi." Tangu waliposhuka kwenye makapu, hakuchinja hata mmoja. Hakuuza. Jioni anatoka na kiti chake, anakaa kati yao, anawatupia mchele, anazungumza. Mama Sifa anasema mwanzoni alimwonea huruma, halafu akamwonea wivu, sasa anatoka na kiti chake pia.

Na waliposikia kuku wa huku kwetu wameisha, aliyesema, "Chukua, mpelekee mukewenza wa dada," alikuwa Musafiri mwenyewe. Yeye aliona haya kuja.

Yaya, nilimwongezea Mama Sifa wali. Nilikuwa nimemlaumu mtu huyu kila nilipopita bandani. Kumbe asingeyachukua makapu yale mawili, leo wekundu wako wangekuwa hadithi tu.

Basi habari zilizobaki zote ni njema. Mitemba walianza kutaga. Mmoja aliatamia wakati wa mavuno ya mpunga, mwingine akafuata. Feza aliolewa. Alivaa kitenge chako cha ndege wa buluu, kilimkaa vizuri, hatukukikata popote. Alikwenda Kasongo na vyungu na mkeka na kikapu chenye jogoo na matetea wake, na njia nzima, anasema, jogoo alikuwa anawika ndani ya kikapu mpaka wapita njia wakawa wanamjibu. Mume wake amemjengea banda lenye mlango wa bawaba, kazi ya seremala kweli, zuri kuliko nyumba yetu. Mama mkwe alilalamika kwanza kuhusu kinyesi. Siku hizi anaomba mayai ya kuatamisha awapelekee ndugu zake. Feza ana mimba, yaya. Alinituma niseme kwako kabla ya watu wengine, basi nimesema.

Mama Amisi nimempa tetea na vifaranga, aanze tena. Sasa wachuuzi wakifika wanalala chini ya mwembe wa sokoni na makapu yao, hakuna anayewafungulia ua. Moniteri naye amepita, amezeeka kidogo, anatafuta mayai ya wekundu apeleke vijiji vingine, na aliuliza habari za Muzungu. Ramazani hajambo. Mgongo unamsumbua. Wageni wakija anawatembeza bandani mikono nyuma, anawaeleza jinsi "sisi" tulivyochagua majogoo. Namwacha. Ungemsikia ungekufa kwa kicheko.

Mimi na Mama Sifa na Feza tumekubaliana jambo. Kila baada ya mavuno, majogoo watabadilishana nyumba: mmoja atoke hapa aende Wamaza, wa Wamaza aende Kasongo, wa Kasongo aje hapa, ndugu wasizaliane na ndugu, na ugonjwa ukipiga mahali pamoja pabaki pengine. Jogoo wa kwanza nitampeleka mimi mwenyewe. Sijawahi kukanyaga kwenu. Nitaomba kiti, nitakaa na kaka yako jioni. Na hili nakuahidi, yaya: nitamsimulia siku ile tuliyokuzika, tangu alfajiri mpaka watu walipotawanyika. Nani alikuosha. Nani alishuka kaburini kukupokea. Dua gani ilisomwa. Feza alisimama wapi. Sitaruka kitu, na akitaka niseme tena, nitasema tena.

Kaa na amani, yaya wangu.

Mwenzako,
Zaina