Kigoda cha Mzee Isidori

Mapera, Mbinga
14 Juni 2024

Mpendwa dada Walburga,

Shikamoo dada. Huko Mwanza hamjambo? Miguu imepungua kuvimba? Sisi tunapumua, Mungu anatubeba. Mwanangu Xavery ameota meno mawili, anatafuna kila kitu kama panya.

Ule mgongo ulionitesa tangu nijifungue umepona, hata maji nabeba. Loveth, nesi wa zahanati, alinifundisha yoga. Tulianza polepole, sasa nafanya mkao wa nge: unaegemea viwiko kwenye mkeka, miguu juu, halafu unakunja mgongo hadi vidole vya miguu vikaribie kichwa. Ukiniona utakimbia!

Ila kuna jambo. Baba mkwe, mzee Isidori, alifariki mwezi uliopita. Hapa kwao kigoda cha marehemu hugeuzwa miguu juu, kinaegeshwa ukutani mpaka matanga yaanuliwe. Nami nikajisahau, nikafanyia yoga kwenye ukuta uleule. Mama mkwe akanikuta.

"Wee Jacqueline! Miguu juu kama kigoda cha marehemu, unajipanga naye?"

Akasema nirudi kwetu Chiwanda, mtoto abaki. Mume wangu Meshack akachukua jembe, akatoka. Nililia, dada.

Kesho yake wote wakaenda kuchuma kahawa, nikabaki na Xavery. Nikasema nifanye mara ya mwisho. Nikiwa kichwa chini, nikashikwa visigino. Mikono mikavu, ikanituliza nisianguke.

"Asante baba Xavery," nikasema.

Ikanijia harufu ya ugoro tu, kama ule wa mzee. Xavery anacheka, anatazama kule juu miguuni kwangu. Niliposhuka hapakuwa na mtu. Kigoda kilikuwa kimesimama sawasawa kwa miguu yake, na sikukigusa.

Mama mkwe aliporudi akakitazama weee. Akakipangusa ugoro kwa kanga yake.

"Akiwa hai hakukusogelea, kwa heshima ya mkwe," akasema taratibu. "Leo amekushika. Basi mtoto abaki kwa mama yake."

Nimebaki, nashukuru. Lakini kila asubuhi nikitandika mkeka, nakuta kigoda kimesogea karibu. Jumapili tunaanua matanga, natumaini atapumzika. Tuombee. Hapa ninapoandika, Xavery ananyoosha mikono abebwe, na hanyooshi kwangu.

Nisalimie shemeji Nicholaus na Perpetua wetu. Mungu awafunike kwa mkono wake, mlale na kuamka salama.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Jacqueline